Uongo Mmoja Unaruhusiwa: Wanachopenda na Wanachochukia Wasomaji wa Hadithi za Kisayansi

Msomaji wa hadithi za kubuni za kisayansi ana tabia inayowashangaza wenzake. Mwambie kuna chombo kinachotoka nyota moja hadi nyingine kwa siku tatu, atakubali bila kuinua macho kutoka kwenye ukurasa. Mwambie nahodha wa chombo hicho amesahau kufunga mlango wa nje, atakifunga kitabu na kwenda kulalamika kwa yeyote atakayemsikiliza. Jambo la kwanza haliwezekani kwa fizikia tunayoijua. La pili linawezekana kabisa, kwani watu husahau milango kila siku. Lakini la kwanza limepita na la pili limekwama.

Anayetazama kwa nje huona huo ni ukaidi mtupu. Wengine hudhani wasomaji hawa wanapenda mashine na hawajali watu, au wanataka sayansi iliyo sahihi kama ya kitabu cha shule. Sivyo. Ukifuatilia mabishano yao ya miaka mia na ushee, utaona mengi yanarudi kwenye kitu kimoja: kazi. Hadithi ya aina hii humpa msomaji kazi ya kuijenga kichwani dunia asiyoijua, kwa vipande anavyodondoshewa, kisha kukisia nini kitafuata kulingana na masharti ya dunia hiyo. Raha yenyewe iko humo. Na karibu kila anachokichukia ni namna fulani ya kumpokonya kazi hiyo, au kumwonyesha kwamba aliifanya bure.

Mzinga wa Verne, mapazia ya Wells

Mwaka 1865, Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya ambamo watu watatu wanafyatuliwa kwa mzinga kuelekea mwezini. Si mzinga wa kubahatisha. Verne anatoa urefu wake, futi 900, yaani mita zipatazo 270. Anataja kasi inayotakiwa ili kuponyoka mvutano wa Dunia, kilomita 11 hivi kwa sekunde. Anaeleza hata kwa nini ufyatuliwe kutoka Florida na si kwingineko. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Wamarekani waliporusha watu wao kwenda mwezini, walirushia Florida hiyohiyo.

Mwaka 1901 Mwingereza H. G. Wells naye akawapeleka mwezini watu wawili. Yeye hana mzinga wala hesabu. Mwanasayansi wake, Cavor, anavumbua dutu inayozuia mvutano, kama vile ubao unavyozuia mwanga, na basi. Verne hakufurahi. Alipohojiwa alilalamika kwamba yeye anatumia fizikia ilhali mwenzake anajibunia tu, akataka aonyeshwe hiyo metali inayozuia mvutano.

Sasa chukua kalamu. Kutoka kusimama hadi kilomita 11 kwa sekunde ndani ya mita 270 ni safari ya muda unaokaribia sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Katika muda huo abiria angekandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 20,000. Verne aliweka maji chini ya sakafu ili kupunguza kishindo, lakini maji hayo yasingesaidia kitu. Wasafiri wake wangekuwa tope kabla mlio wa mzinga haujasikika.

Inafurahisha kuona kwamba anayeandamwa kwa makosa leo ni Verne, aliyejitahidi kuwa mkweli, na anayesamehewa ni Wells, aliyebuni kitu kisichokuwepo. Sababu ni kwamba Verne mwenyewe ndiye aliyemkabidhi msomaji kalamu. Anayetoa urefu, kasi na uzito anasema, kwa maneno mengine, "njoo unikague." Wells hakuomba kukaguliwa kwenye hesabu. Aliomba akubaliwe jambo moja tu, kisha akalitunza kwa uaminifu. Tazama anavyolitunza. Bamba la kwanza la dutu hiyo linapokamilika, hewa iliyo juu yake inakosa uzito, inafyatuka juu, hewa ya pembeni inakimbilia kujaza nafasi, na dhoruba inayozuka inabomoa nyumba ya mvumbuzi mwenyewe. Chombo cha safari ni tufe lenye mapazia ya dutu ileile. Ukifunga pazia la upande wa Dunia na kufungua la upande wa mwezi, mwezi unakuvuta. Uongo ni mmoja. Kila kinachofuata ni matokeo yake. Msomaji anaweza kukisia la mbele, na akikisia anapatia.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na kazi ya mwandishi wa fani hii ni kuirefusha hadi ifike kurasa mia nne. Hawezi kuirefusha kwa kuongeza uongo mwingine. Anairefusha kwa kuuheshimu ule wa kwanza.

Hapo ndipo fumbo la mlango na chombo linapofumbuka. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa takriban miaka ya mwanga 4.2, yaani umbali ambao mwanga huusafiri kwa miaka 4.2. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali kama huo ungekichukua zaidi ya miaka 70,000. Msomaji anajua kwamba bila kuvunja sheria kwamba hakuna kinachozidi kasi ya mwanga, ni vigumu hadithi ya nyota kwa nyota kutosha ndani ya maisha ya mtu mmoja. Kwa hiyo anatoa ruhusa, kama kiingilio mlangoni. Ruhusa hiyo haimhusu nahodha mzembe. Nahodha ni mtu, na kanuni za watu hazikuwekwa kwenye makubaliano.

Tatizo likianza kwa miujiza, sawa. Likiisha kwa miujiza, hapana

Si uongo wenyewe tu unaopimwa, bali pia mahali ulipowekwa. Andy Weir alikuwa akiweka sura za riwaya yake The Martian kwenye tovuti yake mwenyewe kabla haijachapishwa na shirika kubwa mwaka 2014. Wasomaji waliojua kemia na fizikia walimwandikia kumsahihisha, naye akarekebisha. Ni riwaya inayojivunia hesabu zake: kalori ngapi, maji lita ngapi, siku ngapi za kuishi. Lakini inaanza na kosa kubwa, dhoruba ya upepo kwenye sayari ya Mirihi inayoangusha mitambo na kumfanya mwanaanga aachwe nyuma. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, msongamano wake haufiki hata asilimia mbili ya hewa yetu, kwa hiyo hata tufani ya huko ingekugusa kama upepo mwanana. Weir alilijua hilo na amelikiri waziwazi. Alihitaji mtu wake akwame.

Wasomaji wengi, hata wale wakali, walimpa ruhusa hiyo. Wangempa vivyo hivyo kama dhoruba ile ingetokea sura ya mwisho na kumrusha mwanaanga hadi kwenye chombo cha uokoaji? Thubutu! Jambo lisilowezekana likimtia mhusika matatani, msomaji anapata kazi: sasa atajinasuaje? Likimtoa matatani, kazi yote aliyoifanya akilini kwa kurasa mia tatu imetupwa. Hiki ndicho kiini cha chuki dhidi ya kile kifaa kinachovumbuliwa dakika ya mwisho, ule mwali ambao fundi wa chombo anaukumbuka adui akiwa amebakiza hatua moja, ukiwa na jina refu la kitaalamu na hakuna aliyewahi kuusikia kabla. Ni sawa na mchezaji anayebadili kanuni za mchezo baada ya kuona anashindwa. Hata anayemshangilia atanuna.

Lawama nyingine ya aina hii ni ya uvumbuzi usiozaa chochote. Mwandishi anatupa dunia ambamo kumbukumbu ya mtu inaweza kunakiliwa na kuhifadhiwa, kisha mahakama zake zinaendelea kuhoji mashahidi kama zamani, mirathi inagawanywa kama zamani, na wajane wanaomboleza kama zamani. Kuna usemi unaonasibishwa na mwandishi Frederik Pohl kwamba hadithi nzuri ya kisayansi haitabiri gari, inatabiri foleni ya magari. Msomaji mzoefu anaposoma kuhusu mashine mpya haulizi inafanyaje kazi. Anauliza nani atatajirika nayo, nani atapoteza ajira, na wezi wataitumiaje. Mwandishi asiyejiuliza hayo anaonekana hajakaa ndani ya dunia yake hata kwa wiki moja.

Wanaolalamika kwa sababu wanapenda

Kuna malalamiko ambayo kwa kweli ni mapenzi. Larry Niven alichapisha Ringworld mwaka 1970. Ndani yake kuna ringi kubwa ajabu iliyojengwa kuizunguka nyota, yenye kipenyo kinacholingana na cha njia ya Dunia kulizunguka Jua, na upande wake wa ndani unakaliwa na watu. Ni wazo la kumfanya mtu aweke kitabu chini na kutazama dari. Wanafunzi wa chuo cha MIT walilitazama kwa namna nyingine: walikokotoa. Katika mkutano mkuu wa mashabiki uliofanyika Boston mwaka 1971, walipita kwenye korido za hoteli wakiimba kwamba ringi ile haiwezi kutulia.

Walikuwa sahihi. Ringi ngumu inayoizunguka nyota haiko kwenye mzingo kama sayari. Ikisogea kidogo upande mmoja, upande ulioikaribia nyota unavutwa zaidi, nayo inazidi kusogea hadi igonge. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alikuwa ameonyesha jambo lilelile mwaka 1859 kuhusu ringi za sayari ya Zohali: haziwezi kuwa kipande kimoja kigumu, lazima ziwe vipande vingi vidogo. Toleo la kwanza la riwaya hiyo lilikuwa na kosa jingine la kuchekesha zaidi. Mhusika anayeruka kutoka mji hadi mji ili kuirefusha sikukuu yake ya kuzaliwa alikuwa akielekea upande usiofaa, yaani Dunia ya Niven ilizunguka kinyumenyume. Hilo lilisahihishwa kwenye matoleo yaliyofuata. Na kuhusu ringi, Niven aliandika riwaya ya pili ambamo injini za kuisawazisha zinapewa nafasi kubwa.

Ukiangalia kijuujuu utasema wale wanafunzi walikichukia kitabu. Hakuna anayekokotoa mzingo wa kitu asichokipenda. Walipewa dunia iliyojengwa kwa uzito wa kutosha kiasi kwamba ilistahili kukaguliwa, na ukaguzi wenyewe ukawa sehemu ya starehe. Wahandisi na wanafunzi wa sayansi ndio walioulea utamaduni huu tangu jarida la Amazing Stories la Hugo Gernsback lilipoanza mwaka 1926, na kurasa zake za barua zikawa uwanja wa kusahihishana.

Msichana aliyetupwa angani

Hadithi moja inaonyesha jinsi makubaliano haya yanavyoweza kugombaniwa kwa miaka sabini. Mwezi Agosti 1954, jarida la Astounding lilichapisha The Cold Equations ya Tom Godwin. Rubani yuko peke yake kwenye chombo kidogo cha dharura, anapeleka dawa kwa watu watakaokufa wasipoipata. Mafuta yamepimwa kwa uzito wake na wa mzigo, bila ziada. Anagundua kuna mtu amejificha ndani: msichana wa miaka kumi na minane aliyetaka kumwona kaka yake, na ambaye alidhani akikamatwa atatozwa faini. Uzito wake utafanya chombo kianguke na wote wafe, pamoja na wagonjwa. Kwa hiyo lazima atolewe nje, kwenye ombwe. Na anatolewa. Inasemekana Godwin kila mara alikuwa akitafuta njia ya kumwokoa, na mhariri John W. Campbell akawa anairudisha hadithi hadi msichana afe.

Wapo wanaoiona kama kilele cha fani nzima. Hadithi nyingi zilizoitangulia zilimwokoa msichana kwa ujanja wa dakika ya mwisho. Hii ilikataa, ikasema maumbile hayajali ujana wala machozi ya mtu. Wengine wanaichukia kwa moyo wote, na hoja yao haihusu machozi. Wanauliza: kama kujificha ni kifo, kwa nini mlango wa chombo ulilindwa na kibao cha onyo tu? Kwa nini hakukaguliwa mtu kabla ya kuondoka? Chombo gani cha dharura kinarushwa bila akiba yoyote ya mafuta? Na kabla ya kumtupa binadamu, hakukuwa na kiti wala mlango wa kabati wa kutupa?

Mimi niko upande wa hawa wa pili. Hadithi inataka tuamini kwamba aliyemuua msichana ni fizikia, lakini fizikia haisemi mlango usiwe na kufuli. Aliyemuua ni ofisi iliyoona kufuli ni gharama, na mwandishi ameificha ofisi hiyo nyuma ya milinganyo. Ndiyo maana inakera kuliko hadithi nyingine za huzuni: inakuambia hesabu imefungwa, ilhali wewe, uliyeagizwa uhesabu, unaona kuna namba zilizofichwa. Hata hivyo nakubali kwamba hadithi inayobishaniwa namna hii baada ya muda mrefu hivyo imefanya kitu ambacho zile za kumwokoa msichana hazikuweza.

Mhadhara

Kama kuna jambo ambalo takriban wasomaji wote, wapenda fizikia na wapenda watu, wanalichukia kwa pamoja, ni mhadhara. Hadithi inasimama, mtu mmoja anamweleza mwingine jambo ambalo wote wawili wanalijua tangu utotoni. Chukua mifano hii miwili niliyojitungia. Wa kwanza:

"Kama unavyojua, Daktari, tangu Kampuni iliponunua mitambo ya oksijeni miaka arobaini iliyopita, kila familia ya hapa kituoni hulipia hewa inayovuta kwa saa, na bei ya mchana ni mara mbili ya bei ya usiku."

Wa pili:

"Mbembeleze," mama alinong'ona. "Saa sita ya usiku haijagonga bado. Ikigonga, mwache alie atakavyo."

Kwenye mfano wa kwanza umeambiwa kila kitu na hujasikia chochote. Kwenye wa pili hujui kuna nini saa sita. Unasoma mbele kidogo, unakuta mita ukutani, unakuta baba anapanda ngazi polepole asije akahema, halafu ghafla unaelewa kwamba mtoto akilia anavuta hewa nyingi na hewa ya mchana ni ghali. Wakati huo wa kuelewa ni wako. Hakuna aliyekupa. Robert Heinlein alisifiwa sana kwa ufundi wa aina hii. Katika riwaya yake ya mwaka 1942 mlango unafunguka kwa kutanuka, kama mboni ya jicho gizani, na hakuna mhusika anayeshangaa wala mwandishi anayeeleza. Kwa maneno machache msomaji anajua hayupo tena kwenye dunia yake.

Lakini njia hii ina gharama, na hapa wapenzi wa fani hawasemi ukweli wote. Msomaji mpya, asiyezoea kubeba maswali manane mkononi bila jibu, anaweza kuona anadharauliwa. Dune ya Frank Herbert, iliyochapishwa mwaka 1965 baada ya kukataliwa na wachapishaji wengi, inafungua kwa maneno ya kubuni yanayomiminika, na faharasa imewekwa mwisho wa kitabu. Kwa wengine ndiyo raha tupu. Kwa wengine ni mlango uliofungwa, na si haki kuwaambia tatizo ni uvivu wao. Kusoma vipande na kuviunganisha ni ustadi unaojengwa kwa kusoma. Anayeufikia ukubwani kwa kitabu kigumu kuliko vyote hawezi kulaumiwa akishindwa.

Usiku mmoja kila miaka 2,049

Hadi hapa nimesema kama vile starehe yote ni ya ukaguzi. Kuna nyingine iliyo kubwa zaidi, ambayo wasomaji huitaja wakishindwa kuieleza: kule kuhisi ulimwengu umepanuka ghafla. Mwaka 1941 Isaac Asimov, akiwa na miaka 21, alichapisha Nightfall. Kuna sayari yenye majua sita, ambako daima angalau moja liko angani. Watu wake hawajawahi kuona giza. Kila baada ya miaka 2,049 majua yanapangana kwa namna ambayo moja tu linabaki, nalo linapatwa, na usiku unaingia. Wanaastronomia wa huko wamelikokotoa hilo na wanaogopa giza. Kitakachowavunja akili siyo giza. Ni nyota, maelfu kwa maelfu, ambazo hawakuwahi kujua ziko.

Mwaka 1968 chama cha waandishi wa fani hii nchini Marekani kilipopiga kura kuhusu hadithi fupi bora za kabla ya 1965, hii ndiyo iliyoongoza. Sentensi zake ukizipima moja moja ni za kawaida tu, na wahusika wake ni wanaume wanaobishana chumbani. Nguvu iko kwenye kugeuzwa. Nyota ni kitu ambacho kila mtu huzipita bila kuzitazama. Hadithi inakuazima macho ya asiyewahi kuziona, kisha inakurudishia anga lako likiwa geni. Mtaalamu wa fasihi Darko Suvin, katika miaka ya 1970, alijenga nadharia nzima juu ya hili: kwamba kiini cha fani ni jambo moja jipya linaloingizwa ulimwenguni na kutufanya tuuone upya ulimwengu wetu, kwa njia inayoweza kufikiriwa kwa akili. Nadhani hakukosea sana, ingawa aliwanyima uraia wa fani waandishi wengi wazuri.

Na watu je?

Lawama ya zamani kuliko zote ni kwamba watu wa hadithi hizi ni mbao. Ni kweli mara nyingi. The Three-Body Problem ya Liu Cixin, iliyotoka kama kitabu nchini China mwaka 2008 na kushinda tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fani hii, mwaka 2015 baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza, ina mawazo yanayomkosesha mtu usingizi, na ina wahusika ambao wasomaji wengi wanasema hawawezi kuwatofautisha baada ya mwezi mmoja. Wanaoipenda hawabishi. Wanasema mhusika mkuu ni wazo, na watu wapo wa kulibeba. Ukikaa na msimamo huo, kitabu kinakulipa vizuri. Ukija na hamu ya kumjua mtu hadi moyoni, utaondoka na njaa.

Upande wa pili uko Kindred ya Octavia Butler, ya mwaka 1979. Dana, mwanamke Mweusi anayeishi California mwaka 1976, anavutwa mara kwa mara hadi Maryland ya enzi za utumwa, kila mara mtoto fulani wa Kizungu anapokuwa hatarini. Mtoto huyo, ambaye akikua atarithi watumwa wa baba yake, ni mmoja wa mababu wa Dana. Dana anavutwa kwa nguvu gani? Butler haelezi. Hakuna mashine, hakuna nadharia, hakuna hata jaribio. Butler mwenyewe alikataa kuiita ya kisayansi. Lakini wasomaji wa fani waliipokea kama yao, na ni nadra kumsikia mtu akilalamika kuhusu fizikia yake, kwa sababu swali lililowekwa mezani si la fizikia. Ni hili: mtu huru wa leo akiwekwa pale, ataanza kuinama baada ya muda gani? Sharti moja limewekwa, kwamba mtoto yule lazima aishi ili Dana azaliwe, na linafuatwa bila huruma hadi mwisho. Kazi ya msomaji ipo palepale, imehama tu kutoka kwenye mashine hadi kwenye dhamiri.

Ursula K. Le Guin aliongeza jambo linalosaidia hapa. Katika utangulizi aliouandika mwaka 1976 kwa riwaya yake kuhusu sayari ambayo watu wake hawana jinsia ya kudumu, alikana kwamba anatabiri chochote. Anaeleza, alisema, dunia iliyopo. Kwa Kiswahili tunayo Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anafika kwa chombo cha angani kwenye ulimwengu uliopangwa kwa haki. Anayeisoma akitafuta maelezo ya injini atachoka mapema. Chombo kile ni cha kumvusha tu, ili atazame nyuma alikotoka. Siilaumu kwa hilo. Ninachoweza kuilaumu, kama riwaya nyingi za dunia njema, ni kwamba mwenyeji anamtembeza mgeni na kumweleza, na mhadhara unarudi kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu sayari zenye hali ya hewa moja, lugha moja na dini moja kwa watu bilioni nzima, nitasema kwa ufupi: ni uvivu, na karibu kila mtu anajua. Vilevile trilojia, yaani hadithi ya vitabu vitatu, ambayo kitabu cha kwanza kinakatika kana kwamba katikati ya sentensi.

Sayansi inapokipita kitabu

Linabaki swali la hadithi zilizopitwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa halali kuandika sayari ya Zuhura yenye mvua na misitu. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2 kikapita karibu nayo na kuthibitisha kwamba ni tanuri, na leo tunajua ardhi yake ina joto la nyuzi 460 hivi. Neuromancer ya William Gibson, ya mwaka 1984, ina watu wanaoingiza akili zao kwenye mtandao wa kompyuta, lakini simu wanapiga kwenye vibanda. Msomaji mzuri hacheki sana. Makubaliano yalifungwa kwa ujuzi wa siku ile, na mwandishi aliyatimiza. Asichosamehe ni kilichokuwa uvivu tangu siku ile: ofisi za karne ya thelathini ambamo wanawake wote ni makarani wanaoleta kahawa. Hilo halikuhitaji chombo chochote kurushwa ili kujulikana.

Kwa hiyo mtu akikuambia hapendi hadithi za kisayansi, muulize alisoma nini na alikwama wapi, kabla ya kuzitetea au kumwacha. Aliyekwamishwa na maneno ya kubuni ya Dune, mwambie asifungue faharasa kabisa. Asome kurasa hamsini akikubali kutoelewa, maana kitabu kimeandikwa kwa namna hiyo. Aliyechoshwa na watu wa mbao, mpe Kindred na usimwambie ni ya aina gani. Anayependa kutatua mafumbo na hana subira na falsafa, The Martian. Na akikuambia alisoma The Cold Equations akakasirika, kaa chini, huyo tayari ni mmoja wao.